Picha Mbichi Hazikuvuka

Athieno mwanangu,

Umekwenda Lunyo kumuaga mama yangu, na mimi nimefunga studio saa tisa mchana, Jumamosi, jambo ambalo hujawahi kuniona nikilifanya tangu uzaliwe. Watu wawili wa picha za pasi wamegonga mlango. Nimewasikia wakiulizana nje, "Huyu mama amefariki ama?" Wakirudi Jumatatu watanikuta hai.

Begi lako liko hapa karibu na meza. Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala za kufunga mlango wa chumba huko Kisumu unakohamia kikazi, wala za nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa. Una miaka ishirini na mitatu na umebeba kamera kwenye harusi arobaini na moja. Nimezihesabu kwenye daftari la kazi. Mtu aliyesimama mbele ya wajomba kwenye harusi arobaini na moja akawaambia "rudini nyuma kidogo", na wakarudi, hana haja ya kufundishwa watu.

Ningekuambia haya kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kusema ninaishia kufoka, na nikifoka wewe unanyamaza, na huko kunyamaza kwako ndiko kumetufikisha hapa. Nina hasira. Hasira yenyewe ina wenyewe. Kuna sehemu ni ya watu waliotengeneza ile programu ya picha. Kuna sehemu ni ya mjomba wake Apiyo, yule bibi harusi wa Mulanda. Kuna sehemu ni yako, usifikiri umepona. Lakini nikiigawa kwa haki, fungu kubwa ni langu, na ndilo nimelichelewesha.

Nianze na neno lenyewe. Impoti.

Wewe umezaliwa Busia ukalikuta neno hili limeshachakaa, liko mdomoni mwa kila mtu hadi muuza chapati. Mimi nilikutana nalo nikiwa na miaka kumi na tisa, nina trei za mayai nyuma ya baiskeli ya kukodi. Nikienda upande wa Kenya ni mayai, nikirudi ni sabuni. Trei moja mayai thelathini, safari moja trei kumi, na afisa wa geti la mpaka hakuwa na haraka ya maisha. Anahesabu kwa kidole. Siku moja akaniandikia trei tisa. Nikamwambia ni kumi. Akaniuliza, "Wewe unanifundisha hesabu?" Nikamwambia, "Hapana afande, nakusaidia tu." Alinisimamisha juani mpaka mayai yakaanza kunitazama vibaya. Lakini mwishowe aliandika kumi.

Pale getini ndipo nilipojifunza maana ya hilo neno, na nilijifunza kwa jasho. Kitu kikishakuwa impoti kimevuka. Hakiko tena kule. Ukikamatwa na karatasi inayosema trei kumi zimevuka, halafu trei kumi hizo hizo zionekane bado zimekaa kule ulikotoka, basi wewe ni mwizi ama mwongo, na kesho hupiti. Mzigo mmoja, mahali pamoja. Nimeishi kwa hesabu hiyo maisha yangu yote. Ndiyo maana nyumba yetu haina vijiko vya ziada.

Kutoka mayai niliingia picha, na hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa naona watu wanarudishwa getini kila siku kwa kukosa picha mbili ndogo za pasi, wanazunguka juani kumtafuta mpiga picha, na wapiga picha wote watatu wa mtaa ule wako mahali wanakunywa chai. Nikanunua kamera ya filamu iliyochoka. Wale watatu walinicheka wakanipa jina, Mama Trei. "Mama Trei, angalia usiiangushe, hiyo nayo inavunjika." Leo hii kati yao aliyebaki na studio ni sifuri.

Mbichi uliileta wewe. Ulirudi kutoka kwenye mafunzo ya Tororo ukasema tuache kupiga picha ambazo kamera imeshazipika yenyewe ndani, tupige mbichi, halafu tuzipike wenyewe kwenye programu. Nilikataa siku tatu. Iliyopikwa ina uzito wa megabaiti sita, mbichi ishirini na tano. Nikakuuliza, "Unataka nibebe mara nne na zaidi kwa picha ile ile?" Ukasema, "Mama, siyo picha ile ile." Kisha ukanionyesha yule mama wa ubatizo aliyesimama nje ya kanisa saa sita mchana na gomesi yake nyeupe, lile gauni refu la mshipi. Kwenye iliyopikwa, gomesi ilikuwa nzuri na uso wake ulikuwa shimo. Kwenye mbichi ukavuta kidogo hapa, ukapunguza kidogo pale, na uso ukatoka kwenye giza taratibu, mashavu, macho, hadi jasho juu ya mdomo.

Wewe ulifikiri nimenyamaza kwa kufurahi. Nilikuwa nimekasirika, na sijapoa mpaka leo. Miaka kumi na minne ya kamera za dijitali nimekuwa nikiwapa watu nyuso zao zikiwa zimeungua, nikiamini kosa ni la mkono wangu, kumbe waliotengeneza kamera walipika kwa ulimi wao, kwa ngozi za kwao, na sisi tukawa wa kupakuliwa tu. Ni nyuso ngapi hizo? Hesabu hiyo hata mimi sijathubutu kuipiga.

Basi tukahamia mbichi. Na hapo ndipo mimi, niliyejenga studio hii kwa kuhesabu, nikaacha kuhesabu.

Harusi ya Apiyo kule Mulanda ulipiga picha elfu moja mia moja na arobaini. Kadi ya kwanza mia sita ishirini na mbili, ya pili mia tano kumi na nane. Jumapili ukazitoa kwenye kadi ukaziweka kwenye mashine, ndani ya folda uliyoiita Mulanda mbichi. Kisha ukafungua programu, ukabonyeza Impoti. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na kikombe cha chai. Mstari ukajaa polepole mpaka mwisho, na picha zikajipanga kwenye kioo moja baada ya nyingine, bibi harusi, wasimamizi, keki, na jaja, yaani nyanya yake Apiyo. Nikasema, "Zimevuka?" Ukasema, "Zimeingia, Mama." Wewe ulisema zimeingia. Mimi nikasikia zimevuka.

Jumatatu nikazitaka zile kadi kwa ajili ya picha za shule. Ukaniambia tusubiri hadi Jumatano, ile diski ya nje irudi kutoka kwa fundi Tororo, unakili mara ya pili. Unakumbuka nilikujibu nini? "Picha moja ikae mahali pamoja, hapa siyo ghala." Ukanipa kadi. Nikazifuta mbele yako.

Jumanne ulikuwa shuleni unapiga. Mimi nilikuwa peke yangu hapa, mashine inajikokota kama ng'ombe mgonjwa, imebakiwa na gigabaiti kumi na moja. Nikafungua programu. Picha zote elfu moja mia moja arobaini ziko, nazitazama kwa macho yangu. Nikafungua folda. Na zenyewe ziko hapo, gigabaiti ishirini na nane na nusu zimelala bure. Nikajiambia, hizi si zimeshafanyiwa impoti? Sasa hizi za huku ni za nini, ni maganda. Nikafuta folda nzima. Nikamwaga na pipa la takataka la mashine, maana mimi nikisafisha nasafisha. Nikaandika kwenye daftari, kwa mkono wangu, kama ninavyoandika kila kitu: Mulanda mbichi, nimetoa. Jioni ukarudi na picha za shule, Jumatano ukazimwaga juu ya ile nafasi niliyoifungua.

Alhamisi ulipofungua kazi ya Apiyo kuanza kuipika, kila picha ilikuwa na alama ya kuuliza kwenye kona.

Sasa nikuulize wewe uliyesomea: nani aliwapa hao watu ruhusa ya kuchukua neno letu? Wana lugha yao nzima, wana maneno mangapi, wangeandika pale kwenye kitufe Tazama, wangeandika Orodhesha, wangeandika hata Pitisha Macho. Lakini wakaandika Impoti, neno ambalo hapa kwetu mtu analala nalo njaa getini, na hawakuimpoti chochote. Ile programu haikubeba hata yai moja. Ilikwenda kule kwenye folda, ikahesabu mzigo, ikachora kivuli cha kila picha, ikaandika anwani, ikarudi na karatasi. Ni mtu wa kliaringi tu, yule wakala wa makaratasi ya forodha. Ana mihuri, ana kalamu sikioni, ana picha ya trei kwenye faili lake, na mayai yote yamebaki kule ulikoyaacha. Mimi nikayakanyaga.

Ijumaa wakaja. Mama Apiyo mbele, mjomba nyuma na ile suti ya kijivu ambayo nafikiri analala nayo. Hujasahau, lakini nataka uone kwamba na mimi sijasahau, neno kwa neno.

Mjomba akaanza. "Nyinyi watu wa Busia munatuchezea. Hii kazi si ni ya kubonyeza tu? Mulibonyeza, sasa picha iko wapi?"

Ukamweleza pole pole kwamba zile mbichi zimepotea, vimebaki vivuli vidogo unavyoweza kuwapa, vya kutosha kwenye simu.

"Mbichi? Nani aliomba mbichi? Si mungepika kabisa tujue moja?"

Mama Apiyo hakucheka. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Akasema, "Mimi sina maneno mingi. Nataka picha ya jaja tu, ile alimwekea Apiyo mkono kwa kichwa. Ingine mutajua nyinyi. Jaja hana picha. Iko ile ya kitambulisho, na ile anafanana mtu amekamatwa."

Ukamwonyesha kivuli cha ile picha. Ulijaribu kuikuza, na uso wa jaja ukavunjika vipande vipande kama sahani. Mama Apiyo akageuka akaniangalia mimi, mwenye studio, mwenye jina juu ya mlango. Na mimi nikanyoosha kidole.

"Muulizeni huyu. Yeye ndiye alikuwa na kadi. Yeye ndiye fundi wa mbichi."

Mjomba akasema, "Watoto wa siku hizi ni simu tu."

Nikasema, "Nimemwambia mara ngapi."

Hilo ndilo linanichoma zaidi ya kidole. Nimemwambia mara ngapi. Nilikuwa nimekwambia nini, mimi? Hata mara moja. Wewe ndiye uliyeniambia, Jumatatu, na nikakujibu habari za ghala.

Ukasema, "Poleni sana." Basi.

Habari ikatoka hapa ikafika Mulanda kabla yao. Harusi mbili zikaondolewa kwetu, mmoja wa wenye harusi alinipigia akasema waziwazi, "Tutakuja kama atapiga mama, siyo yule aliyepoteza." Yule aliyepoteza. Kutoka Busia mpaka Tororo ukapewa jina kama mimi nilivyopewa la Mama Trei, tofauti ni kwamba mayai mimi nilikuwa nayo kweli. Fundi wa upande wa Kenya akajaribu kuzifufua zile picha. Akapata tisa. Kati ya hizo tisa, sita ni za viti.

Najua uliacha kwenda kwenye kazi za nje kwa sababu hiyo. Ndiyo maana kipaimara cha Tororo nilikwenda mwenyewe, na magoti yangu haya. Nikapiga mbichi mia mbili na kumi na mbili. Nikarudi, nikaziweka kwenye folda. Kabla ya kuziweka, mashine ilikuwa na gigabaiti thelathini na moja. Baada ya kuziweka, ishirini na tano na kitu. Sawa, mia mbili kumi na mbili mara ishirini na tano, inakuja. Kisha nikafungua programu, nikabonyeza Impoti, nikangoja mstari ujae, nikaangalia nafasi tena. Ishirini na tano na kitu. Haikushuka.

Nikakaa. Kama zimevuka, huko zilikovukia zimekaa wapi? Picha mia mbili na kumi na mbili haziwezi kuingia mahali na mahali pasijae. Mimi mwenye kujua kwamba trei thelathini haziingii kwenye boksi la viatu, nilikuwa nimeamini mwezi mzima kwamba picha elfu moja mia moja arobaini zimeingia kwenye kitu kisichofika hata gigabaiti moja.

Nikabadilisha jina la folda, herufi moja tu. Nikarudi kwenye programu. Alama za kuuliza, mia mbili na kumi na mbili. Nikarudisha jina, zikaondoka. Nilifanya hivyo mara tatu, kama mtu anayejaribu taa. Ya nne sikuweza.

Wewe ulikuwa chumba cha nyuma unakata picha za pasi, nasikia mkasi wako. Ilikuwa ni hatua sita kutoka kwenye kiti changu. Sikuzitembea.

Nilikaa nalo siku kumi na moja, Athieno. Sikukaa nalo kwa kutojua tena, nilikaa nalo nikijua. Ukaniambia umepata kazi Kisumu, nikasema vizuri. Ukafua nguo, nikakusaidia kukunja. Nilikuwa na maelezo ya kila siku: leo kuna wateja, kesho baba yako yupo, keshokutwa mvua. Nikitazama sasa, ile siku ya kidole nilikuwa mjinga tu, na ujinga mtu anasamehewa. Zile kumi na moja sikuwa mjinga.

Nilichokuwa nakiogopa ni jina lililo juu ya mlango. Nililipaka rangi mwenyewe. Nilikuwa nimejenga kitu kutoka kwenye baiskeli ya kukodi na sikutaka watu waseme Mama Trei amekanyaga mayai yake. Kwa hiyo nikaacha kosa liwe lako. Najua nimekuzoesha kufikiri kwamba mtu aliyejitengeneza mwenyewe hana deni kwa yeyote. Ukikutana na mtu wa namna hiyo huko unakokwenda, angalia ni nani amesimama karibu naye amebeba lawama.

Sasa nije kwa fungu lako la hasira.

Jumanne wiki hii nilifungua daftari nitafute tarehe ya kazi nyingine. Nikauona ule mstari wangu, Mulanda mbichi, nimetoa. Na pembeni yake, kwa penseli, alama yako ndogo ya vema, ile unayoweka ukishasoma kitu, na tarehe. Alhamisi. Ile Alhamisi.

Kwa hiyo ulijua. Siku moja kabla hawajafika ulijua ni nani aliyefuta, na lini, na kwa mkono gani. Ijumaa ukasimama pale mbele ya suti ya kijivu, mama yako amekunyooshea kidole, ushahidi uko kwenye meza, mwandiko ni wangu, na wewe ukasema poleni sana. Ungefungua ukurasa tu. Hata kusema usingehitaji kusema.

Nilikaa na lile daftari nikatamani kukukimbilia nikupige makofi, mtu mzima wewe. Nani alikutuma kunificha? Ulifikiri sitaweza kulibeba? Nimebeba trei kumi kwa baiskeli kwenye matope. Ama ulifikiri nikijua nitakuchukia kwa kujua kwako? Hilo la pili linaniuma, kwa sababu sina uhakika kama ulikosea.

Ukifika kwa hao watu wa Kisumu, nakili kabla ya kugusa lolote. Hesabu kwenye kadi, hesabu kwenye mashine, hesabu kwenye diski, na namba zisipolingana mwite mwenye studio aone kwa macho yake, hata kama anakunywa chai. Hayo unayajua kuliko mimi. Lakini hili hulijui: mkubwa wako akikukosea, fungua daftari. Nifungulie hata mimi. Mimi hasa. Sikukulea uwe mahali pa kutupia maganda yangu, na kama nilikulea hivyo bila kujua, basi iishe leo.

Alhamisi nilikuambia nakwenda Tororo kuchukua karatasi za kuchapia. Sikwenda Tororo. Nilichukua boda mpaka Mulanda na kamera mgongoni.

Mama Apiyo alikuwa uani anabangua njugu. Hakunikaribisha kiti. Nikakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelala.

Nikamwambia, "Zile picha, mimi ndiye nilizifuta. Siyo mtoto."

Akaendelea kubangua. "Na ile siku ulimshika kidole mbele yetu?"

"Nilikuwa sijajua."

"Ukajua lini?"

"Siku kumi na moja zimepita."

"Kumi na moja. Umehesabu?"

"Mimi nahesabu kila kitu."

"Basi hii ulihesabu vibaya," akasema, akatupa ganda. "Mama mzima. Mtoto anapita kwa barabara watu wanamsema, wewe uko kwa kiti unahesabu."

Nilianza kubangua na mimi, maana mikono ilikuwa haijui pa kwenda. Baadaye akaita ndani, na jaja akatoka ameshika ukuta. Akaniangalia, akaiangalia kamera.

"Huyu amekuja kunipoteza tena?"

Mama Apiyo akacheka kwa mara ya kwanza. Mimi pia, kidogo.

Jaja alirudi ndani akavaa ile gomesi ya harusi. Ilichukua muda, tulisikia kasha likifunguliwa na kufungwa. Apiyo mwenyewe akaitwa kutoka kwa mume wake, si mbali, akaja na matope miguuni, akapiga magoti kwenye mkeka, na jaja akamwekea mkono kichwani kama siku ile. Siyo siku ile. Nisidanganye. Hakuna pazia, hakuna kwaya, kuku anapita nyuma. Nilipiga arobaini na sita. Jaja aliuliza, "Yule msichana mwembamba yuko wapi, yule alinishika mkono kwa ngazi ya kanisa?" Nikasema anasafiri. Akasema, "Yeye ndiye atatengeneza hizi. Wewe ubebe tu."

Halafu Mama Apiyo akanipa sharti lake. Hakutaka zile picha tu. Alisema lile jina ulilopewa lilisemwa mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo litaondoka, na hataliondoa yeye. Jumapili, baada ya ibada, watanipa nafasi ya kusimama niseme nilivyofanya. Mjomba naye atakuwepo, na suti. Nikauliza ibada inaisha saa ngapi. Saa tatu.

Gari lako linaondoka saa tatu.

Nimezipiga hizi saa kila upande na hazikubali. Nikikusindikiza, nitafika Mulanda watu wametawanyika. Nikingoja Jumapili ijayo itakuwa siku ishirini na moja, na mimi najijua, zikishakuwa ishirini na moja zitakuwa themanini. Kwa hiyo kesho baba yako atakubebea begi. Mimi utakuta nimeshaondoka. Saa ile utakapokuwa unapanga foleni getini na pasi yako mkononi, mimi nitakuwa nimesimama mbele ya watu wa Mulanda natamka neno impoti, nawaeleza maana yake, na jinsi nilivyokosea. Watacheka. Waache wacheke, mradi wakitoka pale wajue ni nani wa kumwita yule aliyepoteza.

Kwenye daftari, chini ya alama yako ya penseli, nimeandika kwa wino: ni mimi niliyefuta, Athieno alijua akanificha. Nimeweka na tarehe. Ukurasa huo sitauchana.

Zile picha za jaja ziko kwenye kadi, na kadi sijaifuta. Ziko kwenye mashine. Na ziko kwenye diski ndogo ndani ya soksi zako za kijivu, upande wa kushoto wa begi. Arobaini na sita, arobaini na sita, arobaini na sita. Nimehesabu zote tatu. Kesho zitakuwa upande huu na upande ule wa mpaka kwa wakati mmoja, na afisa akisema huo ni uongo mwambie aje kwangu.

Sijazipika. Nimezifungua tu nikazitazama. Anza na ya thelathini na moja. Mkono umekaa vizuri, lakini jaja ameinamisha kichwa na uso umeingia gizani, ukiangalia haraka utadhani hakuna kitu. Kitu kimo. Nimevuta mwanga kidogo nikauona wote, kisha nikarudisha kama ulivyokuwa, ili wewe ndiye umtoe.

Mama yako aliyefuta,
Nabwire